Sahani Isiyo na Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa upawa, aproni mbili na kalamu ya wino wa bluu. Upawa na aproni nilivitarajia. Kalamu ilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kuwa mpishi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amefariki miaka minne kabla, mwanzoni mwa masika, na mama akamfuata kabla mahindi hayajakauka shambani. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo niliacha shule darasa la saba, kabla ya mtihani, nikawa baba na mama wa watoto watatu. Miaka minne nilichuma pamba za watu kule Sapiwi kabla ya kusikia kwamba halmashauri inatafuta mpishi. Sitaitaja halmashauri hiyo kwa jina. Ni moja kati ya zilizokuwa upande wetu huu, wakati ule tukiwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, na watoto wa baadhi ya watu nitakaowasema ni majirani zangu leo.

Aliyenipokea alikuwa Mwangalizi wa Nyumba. Huyo ndiye aliyesimamia majengo, viti, vyombo na jiko la halmashauri. Alikuwa amepikia jeshini miaka mingi, na alitembea jikoni kana kwamba sufuria zimempigia saluti.

"Unaitwa nani?"

"Mbuke."

"Mbuke, hapa hatupiki kwa huruma. Tunapika kwa idadi. Wajumbe arobaini, sahani arobaini. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Akaniambia nipime mchele wa watu kumi, anione. Nikapima. Nilipomaliza, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye gunia ukaongeza konzi moja.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mpita njia, baba."

Kwetu Usukumani mwanamke hapimi chakula kikawatosha waliopo tu. Mama alikuwa akimaliza kupima unga anaongeza konzi ya mtu ambaye hajafika. Mwaka wa neema aliongeza, mwaka wa njaa pia aliongeza, ila konzi ilikuwa ndogo. Wanaume wakila uani kwenye shikome, pale kwenye moto wa jioni, mtu akipita njiani huitwa, na akiitwa lazima akute kitu. Kuhesabu walaji kwa vidole ilikuwa aibu, na wazee wengine waliona ni mkosi kabisa.

Nilidhani Mwangalizi atanifukuza siku hiyo hiyo. Badala yake akachukua daftari refu lenye jalada gumu jeusi, akaliweka juu ya gunia.

"Mimi nimekula kwa watu wengi ambao hawakunijua," akasema. "Ongeza hiyo konzi yako. Lakini andika. Kila sahani inayotoka hapa, andika imekwenda kwa nani. Serikali haiibiwi kwa kinachoandikwa, binti. Inaibiwa kwa kisichoandikwa."

Maneno hayo niliyashika kama amri ya Mungu. Ndiyo yaliyonifukuzisha kazi baadaye, lakini nisiende mbio.

Ninyi vijana mnaoletewa chakula cha vikao kwenye maboksi na mzabuni, ni vizuri mjue tulivyofanya. Baraza la madiwani lilikaa kila baada ya miezi mitatu, mbali na vikao vya kamati. Siku mbili kabla, Karani wa Vikao aliniletea idadi ya wajumbe. Mimi nilijaza fomu ya kuomba vitu, Mwangalizi akatia sahihi, Mweka Hazina akaidhinisha, ndipo Mtunza Stoo akafungua mlango. Nyama ilipimwa mbele yangu. Asubuhi ya kikao, kila mjumbe alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na nakala ya karatasi hiyo ilishuka jikoni. Sahani zililingana na sahihi. Aliyekuwa hajatia sahihi alikuwa hajafika, hata kama amesimama mbele yako anameza mate.

Halafu ukaja Waraka. Waraka ni barua ya maelekezo kutoka ngazi za juu, na huu ulikuja miaka ile mambo yalipoanza kubadilika: maduka yakajaa bidhaa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na mizani zao, na serikali ikaanza kusema kila mtu achangie. Waraka ulisema fedha za umma zisitumike kulisha watu ovyo. Kikao kifupi kipewe chai na maandazi tu. Chakula cha mchana kitolewe pale tu kikao kitakapofika saa nane. Wasio wajumbe, na wasio watumishi walioitwa rasmi, wasipewe.

Ilikuwa kanuni nzuri. Naisema hivyo bila kejeli. Lakini niliishi nayo, nikaona ilivyogeuzwa.

Kabla ya Waraka, baraza lilikuwa likimaliza shughuli zake saa sita. Baada ya Waraka, hakuna kikao kilichowahi kumalizika kabla ya saa nane. Salamu za Mwenyekiti peke yake zilikula nusu saa. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yaani kumbukumbu za maandishi za yaliyosemwa, kulikwenda mstari kwa mstari. Diwani mmoja aliwahi kusimama kuuliza kama neno "mbuzi" kwenye ukurasa wa pili linahusu mbuzi dume au jike. Mimi nilisikia yote, kwa sababu dirisha la jiko lilitazamana na mlango wa ukumbi. Saa nane ikigonga, Mwenyekiti alikunja karatasi zake. Harufu ya nyama yangu ilikuwa imeshaingia ukumbini. Agenda iliyokuwa imebaki ilikuwa ile ya mwisho kila siku, nayo huitwa Mengineyo.

"Waheshimiwa, Mengineyo tuyapeleke kikao kijacho. Mpishi wetu asije akaungua moyo."

Wakacheka, wakatoka, wakapanga mstari.

Mzee Masalu nilimwona mara ya kwanza kwenye benchi la wananchi. Kikao cha baraza ni cha wazi. Raia anaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, ila haruhusiwi kusema wala kula. Alitoka kijiji nitakachokiita Mwashilindi, mwendo wa kuanzia jogoo la kwanza mpaka jua kuchomoza vizuri. Alivaa makatambuga ya tairi na koti la suti lisilo na vifungo. Kijiji chake kilikuwa kinaomba kuchimbiwa lambo, bwawa la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya watu na ng'ombe. Diwani wake alimwambia hoja hiyo imewekwa kwenye Mengineyo.

Siku ile wajumbe walipotoka kula, yeye alibaki kwenye benchi peke yake, fimbo katikati ya magoti. Nilikuwa na sahani ya konzi ya mpita njia. Nikampelekea, nikamwamkia kwa Kisukuma kama babu yangu.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu." Aliitikia kwa kuniita mama, akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Sikuja kula. Nimekuja kuomba lambo."

"Ninajua, guku. Lakini lambo sina. Nina wali."

Akacheka mpaka akaonyesha mapengo. Akala taratibu, kwa adabu, akaacha kidogo kwenye kona ya sahani kama wazee wanavyofanya ili isionekane alikuwa na njaa. Aliponirudishia alishukuru, "Wabeja, mayu. Kikao kijacho watanifikia."

Nikarudi jikoni, nikafungua daftari, nikaandika kwa wino wa bluu: *Mzee Masalu, Mwashilindi, lambo. Sahani moja.* Kwenye nafasi ya sahihi hapakuwa na kitu cha kuweka. Nikaacha wazi.

Kikao kilichofuata alikuja. Na kilichofuata. Mengineyo hayakufikiwa. Nami nikawa namngoja, kama mtu anavyomngoja baba yake, kwa sababu wangu sikuwa naye tena. Alinieleza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi zao. Aliniuliza wadogo zangu wanakula nini. Nilipomwambia kwamba mdogo wangu aitwaye Kwangu, anayenifuata, amechaguliwa kwenda kusomea uuguzi, alitoa shilingi kutoka kwenye fundo la kitambaa na kusema ni za kununulia sabuni.

Siku moja nilifanya jambo ambalo halikuwa kazi yangu. Nilipoona saa saba na nusu, nikatoa kuni zote chini ya sufuria za wali. Nilisema moyoni: chakula kikichelewa, watakosa la kufanya, wataingia Mengineyo. Saa nane ikagonga. Mwenyekiti akachungulia dirishani.

"Mama Jiko, vipi?"

"Bado, Mheshimiwa. Kuni mbichi."

Akarudi ndani. Nikasikia kiti kikiburuzwa, nikashika ukingo wa dirisha. Akasema, "Waheshimiwa, chakula kimechelewa. Hatuwezi kuendelea na Mengineyo watu wakiwa na njaa. Naahirisha kikao. Tupumzike nje mpaka kiive."

Wakapumzika nje, chini ya kivuli cha ukumbi, muda ambao ungetosha kujadili malambo kumi. Diwani mmoja mnene alikuja kunitania: "Mbuke, hiyo nyama ni ya leo au ni ya yatokanayo na kikao kilichopita?" Wenzake wakaanguka vicheko. Mzee Masalu alikuwa kwenye benchi lake, na macho yetu yalipokutana alitikisa kichwa kidogo, kama kusema nimeona ulichojaribu.

Miaka hiyo hiyo Mwangalizi wangu alistaafu, akarudi kwao. Hakuletwa mwingine. Nafasi zilianza kufungwa moja moja. Jiko likawekwa chini ya Mweka Hazina moja kwa moja. Yeye hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza taratibu, akiwa anafuta miwani, na kila alichotaka alikipata.

Sasa niwaambie habari za mlango wa nyuma. Wakubwa wengine walikuwa na hotipoti, vile vyombo vya kuhifadhi joto vilivyoanza kuingia madukani. Madereva wao walizileta asubuhi tupu na kuziondoa mchana zimejaa. Nilipotaka kuandika, dereva mmoja aliniwekea mkono juu ya daftari.

"Dada Mbuke, unaandika nini?"

"Sahani sita, nyumbani kwa Mheshimiwa."

"Andika uone."

Nikaenda kumuuliza Mweka Hazina. Alifuta miwani. "Hicho si chakula cha kikao," akasema. "Hayo ni mabaki. Mabaki hayaandikwi." Lakini yalikuwa yakitoka kabla wajumbe hawajala. Nilitii. Hayo sikuyaandika, na nayatubu. Ya Mzee Masalu niliendelea kuyaandika, kwa kuwa yeye hakula mabaki. Alikula sahani niliyompakulia kwa mkono wangu, na nilifundishwa kwamba kila sahani ninayopakua iandikwe.

Mkaguzi wa Ndani alipokuja kupitia vitabu vya jiko, alikaa na daftari langu siku nzima. Jioni niliitwa ofisini kwa Mweka Hazina. Mkaguzi alikuwa kijana, mpole, hata alinipa kiti.

"Bi Mbuke, huyu Masalu ni mjumbe?"

"Hapana."

"Ni mtumishi?"

"Hapana. Ni raia. Anafuatilia lambo."

"Umempa chakula mara kumi na moja."

"Ndiyo. Imeandikwa."

"Ndilo tatizo," akasema, na nadhani aliona haya. "Katika miaka yote hii sijaona kosa jikoni kwako isipokuwa hili, na hili umeliandika mwenyewe. Mimi nahoji kilichoandikwa. Kisichoandikwa nitakihoji vipi?"

Hiyo ikaitwa hoja ya ukaguzi, yaani swali la maandishi ambalo lazima lijibiwe. Kijana yule alipotoka, Mweka Hazina alibaki nami.

"Una mdogo wako chuoni," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na siku hizi wanachangia ada."

"Ndiyo, mzee."

"Wawili wako shule ya msingi." Akavaa miwani. "Mimi naweza kuifunga hoja hii. Nitaandika kwamba mpishi ameonywa na hatarudia. Sitaki kumwona yule mzee na sahani tena. Usimpe hata ukoko. Akila mara moja tu, wewe na jiko basi. Umenielewa?"

Niliwaza usiku na mchana mpaka siku ya kikao. Niliwaza kumpa nyuma ya stoo bila kuandika. Watu wananiuliza hadi leo kwa nini sikufanya hivyo. Jibu ni kwamba sikujua kufanya kitu kwa kificho, na waliojua kuficha walikuwa wameshanitosha. Niliwaza pia kumtumia ujumbe asije. Nikaona nitakuwa nimemzuia mtu kudai haki yake kwa sababu ya sahani ya wali. Kwa hiyo sikufanya lolote. Na wakati wa kupima mchele, nilipima kwa idadi. Konzi sikuongeza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nijue kupika.

Ulikuwa mwaka mbaya. Mvua ilikuwa imekatika mapema, pamba ilidumaa, na watu walikuwa wakiuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Mzee Masalu alikuja amekonda, koti limemzidi. Saa nane Mwenyekiti akakunja karatasi. Wajumbe wakapanga mstari. Nikapakua sahani ya mwisho ya sahihi ya mwisho. Mweka Hazina alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi na kikombe cha chai.

Safari zote yule mzee alikuwa hajawahi kusogea dirishani. Mimi ndiye niliyempelekea. Siku hiyo alisogea. Alikuja polepole, akaegemeza fimbo ukutani, akasimama. Hakunyoosha mkono.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, guku." Nikatazama upawa. "Leo hakuna, guku."

Nyuma yangu sufuria ilikuwa bado inatoa mvuke, wali uliozidi idadi umebaki chini. Aliuona. Akageuka, akamwona na Mweka Hazina na kikombe chake. Sijui alielewa kiasi gani. Nadhani yote.

"Haidhuru, mayu," akasema. "Nilikula jana."

Akachukua fimbo yake, akaenda. Nilimtazama mpaka alipopita mti wa mwisho wa uzio. Hakurudi tena kikao chochote. Masika yaliyofuata nilisikia amefariki, na kwamba ng'ombe walikuwa wamemtangulia.

Nilidhani nimenunua kazi yangu kwa bei hiyo. Haikupita hata mwaka. Ikaja amri ya kupunguza wafanyakazi, na jiko likafungwa ili chakula kitolewe kwa zabuni. Walianza na wenye dosari kwenye majalada yao. Afisa Utumishi alinionyesha jalada langu: lilikuwa na karatasi moja tu ya dosari, ile hoja, nayo haikuwa imefungwa. Mzabuni aliyeshinda alikuwa shemeji wa mkubwa mmoja. Kikao cha kwanza cha mzabuni nilikishuhudia nikiwa nasubiri barua yangu. Waliotia sahihi walikuwa arobaini. Walioandikiwa chakula walikuwa zaidi ya sabini.

Siku ya makabidhiano nilirudisha upawa, aproni, funguo za jiko, na madaftari yote ya sahani. Mtunza Stoo, mzee wa utani mwingi, alinisukumia yale madaftari.

"Haya nani anayataka? Nenda nayo ukawashie moto."

"Ni mali ya serikali," nikamwambia.

"Mbuke! Umefukuzwa na bado unailinda?"

"Andika nimerudisha, nitie sahihi."

Akaandika, akiguna. Nikatia sahihi.

Nilihamia Somanda, nikapika kwa ajili yangu karibu na hospitali, uji asubuhi na wali mchana, kwa wanaouguza wagonjwa wao. Kwangu alimaliza uuguzi. Wadogo wengine wawili walisoma. Kuhusu hilo sina manung'uniko. Wajibu wangu niliufanya. Miguu iliponishinda niliacha.

Nilidhani yamekwisha. Miaka michache iliyopita, mkoa ukiwa umeshakuwa Simiyu, alikuja kwangu mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga mbili. Alisema anaitwa Holo, binti wa Mzee Masalu. Kijiji chao kilikuwa kimeomba lambo upya, na ofisini waliambiwa malambo yanachimbwa kwa kufuata tarehe ya maombi ya kwanza. Mwashilindi, wakaambiwa, haijawahi kuomba.

"Baba alisema kulikuwa na mama wa jikoni aliyekuwa anamwandika," Holo akasema. "Ni wewe?"

Tulikwenda pamoja masjala, chumba cha kutunzia majalada. Karani, binti mwenye heshima, alitutolea mihtasari ya miaka ile yote. Nilivaa miwani, nikasoma mmoja mmoja. Kila mwisho uliandikwa vile vile: *Mengineyo: Hapakuwa na mengineyo. Kikao kilifungwa saa nane mchana na wajumbe walikwenda kupata chakula.*

"Na madaftari ya jiko?" nikauliza.

Binti akatafuta kwenye orodha kwa kidole. "Yaliteketezwa, bibi. Kwa utaratibu. Hayakuwa na umuhimu wa kutunzwa."

Holo hakunilaumu. Alinishukuru kwa kumsindikiza, akaniuliza nimekula. Hilo ndilo lililonivunja.

Mzee wa stoo alikuwa amenisukumia yale madaftari mkononi, nami nikarudisha, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kufuata kanuni. Vijana mnaoanza kazi, sina busara ya kuwapa kuhusu hilo. Nimeitafuta, sijaipata. Nyumbani bado naongeza konzi ninapopima, ingawa siku hizi tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu wa mwisho.

Ila ninakumbuka yaliyokuwemo, mstari kwa mstari, na kalamu ya bluu bado naweza kuishika. Kwa hiyo naandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kuteketeza:

Mzee Masalu, Mwashilindi, lambo. Alikuja mara kumi na mbili. Sahani kumi na moja nilimpa. Ya kumi na mbili nilimnyima mimi, Mbuke, na chakula kilikuwepo.

Natia sahihi.